Grainda ya Sinki Ikigoma, Isikilize Kwanza

Kabla sijamuuliza mteja anakaa Kileleshwa au Lavington hapa Nairobi, namuuliza hivi: ukiiwasha, inalia vipi? Wengi hunyamaza kidogo kwenye simu. Walitarajia niulize ni ya kampuni gani au imekaa miaka mingapi. Lakini mashine ya kusaga mabaki iliyo chini ya sinki, hii ambayo sisi mafundi tunaiita grainda, hujitaja ugonjwa kwa sauti yake. Ikinyamaza kabisa, tafuta kwenye umeme. Ikinguruma bila kuzunguka, kuna kitu kimeikaba. Ikizunguka vizuri na maji bado yamesimama, yenyewe haina kosa, kosa liko kwenye bomba. Mtu akijua hayo tu, safari zangu nyingi hazihitajiki.

Grainda nyingi ninazoitiwa ni za ghorofa za Kilimani, Kileleshwa na Westlands, ambako mpangaji anaikuta tayari imefungwa chini ya sinki, wala hapewi karatasi ya maelezo. Landilodi hajui, keateka hajui, na dada wa kazi ndiye anayeachiwa aitumie.

Kwanza ujue ndani kuna nini, maana wengi wanadhani kuna visu. Hakuna visu. Kuna sahani ya chuma inayozungushwa na mota. Juu ya sahani kuna vyuma viwili au zaidi vinavyocheza huku na huku, na ukutani kuna pete yenye meno butu. Sahani ikizunguka, mabaki yanarushwa kwenye pete na kukwaruzwa mpaka yapite kwenye matundu madogo pamoja na maji. John Hammes, msanifu majengo wa Racine, Wisconsin, Marekani, ndiye aliyetengeneza ya kwanza mwaka 1927, na mpango huo wa sahani na pete bado ndio unaotumika katika mashine nyingi za leo. Shika hapo kwenye "pamoja na maji". Grainda bila maji husaga, lakini haipeleki popote ilichosaga, na Nairobi maji ndiyo tunayokosa.

Kanuni kuu ya usalama ni hii: kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuingia jikoni akadhani ni ya taa. Kama grainda yako imeunganishwa moja kwa moja ukutani bila plagi, zima swichi yake kwenye kisanduku cha umeme cha nyumba. Na mkono hauingii kwenye lile tundu, hata stima ikiwa imezimwa. Tumia koleo la jikoni na tochi ya simu.

Ikinyamaza kabisa

Umebonyeza swichi, hakuna hata mguno. Anza na vitu vya bure. Taa ya jikoni inaweza kuwa inawaka huku soketi ya chini ya sinki haina stima, kwa sababu ziko kwenye laini tofauti. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyo hiyo uone. Chaja ikikataa, nenda kwenye kisanduku cha umeme utafute swichi iliyoshuka. Ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena papo hapo, usishindane nayo. Huenda maji yamepenya kwenye mota na umeme unavuja, na hapo wa kuitwa ni fundi stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, si mimi wa mabomba.

Chaja ikikubali, angalia plagi yenyewe. Plagi zetu za pini tatu nene zina fyuzi ndani, na fyuzi ikiungua mashine inaonekana imekufa ilhali ni nzima. Weka fyuzi nyingine ya kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye ile ya zamani. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge kipande cha waya mahali pake. Nimeyaona hayo, hata kwenye nyumba za kifahari.

Halafu kuna kitufe chekundu. Hiki ndicho kinachowafanya watu wanilipe bure. Kiko kwenye kitako cha grainda, chini kabisa, na huwezi kukiona mpaka uchutame. Mota ikipata joto kupita kiasi, kitufe kinaruka nje kidogo na kukata umeme ili mota isiungue. Kikiruka, subiri dakika 10 hadi 15 ipoe, kisha kibonyeze mpaka usikie kimekaa. Kisipokaa, bado kuna joto, subiri tena. Kikikaa na mashine ikaamka, jiulize kilichofanya kiruke. Mara nyingi kuna kitu kimekwama, na sehemu inayofuata inakuhusu.

Mama mmoja wa Valley Arcade aliniambia kwenye simu, "Fundi, hii kitu imekufa, niletee mpya." Nikamwomba kwanza atoe vitu vyote chini ya sinki. Tunajijua sisi: huko chini kuna ndoo, matambara, sabuni ya lita 5, nusu gunia la viazi, na mifuko ya plastiki iliyofichwa tangu kabla ya marufuku ya 2017. Ile ndoo ilikuwa imesukuma plagi ikalegea. Akaibana, grainda ikawaka, na mimi nikabaki na safari yangu ya Ngara.

Kuna nyumba ambazo grainda haina swichi ukutani, ina kitufe cha duara juu ya kaunta kando ya mfereji. Hicho hakina waya. Ukikibonyeza kinasukuma hewa kwenye kijibomba chembamba cha plastiki, na hewa hiyo ndiyo inayoiwasha mashine. Kijibomba kikichomoka au kikikunjika, kimya. Kirudishe mahali pake, basi.

Ikinguruma bila kuzunguka

Hapa ndipo haraka inapohitajika. Ukisikia mngurumo mzito na hakuna kinachozunguka, zima ndani ya sekunde mbili tatu. Mota iliyokwama inavuta umeme mwingi kuliko inayozunguka, na umeme huo wote unageuka joto. Anayeendelea kuwasha na kuzima akitumaini itajikwamua yenyewe anaichoma taratibu.

Chomoa plagi, mulika ndani. Hapa mjini wahalifu ni wale wale: kizibo cha soda, kijiko cha chai, kokwa ya embe, mfupa wa mbuzi wa nyama choma ya Jumapili, na ule waya wa kusugulia sufuria. Waya ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu unajisokota chini ya vile vyuma na hautoki kwa mvuto mmoja. Ushike kwa koleo, uzungushe polepole, utoke nyuzi kwa nyuzi.

Usipoona kitu, au ukikiona na hakitoki, nenda chini. Katikati ya kitako cha grainda nyingi kuna tundu la pembe sita. Mashine ilipouzwa ilikuja na funguo yake yenye umbo la L, na najua huna, kwa sababu hakuna aliye nayo. Nunua ya robo inchi kwenye duka lolote la hadwea pale Nyamakima au Kirinyaga Road. Usikubali akuuzie ya milimita 6 akikwambia ni sawa. Robo inchi ni milimita 6.35, na hiyo tofauti ndogo inatosha kuifanya funguo icheze na kula kona za tundu, na tundu likishaliwa kona huna tena mahali pa kushika. Ingiza funguo, tikisa mbele na nyuma bila kulazimisha upande mmoja. Utasikia inaachia. Endelea mpaka izunguke mzunguko mzima kwa pande zote mbili, kisha rudi juu utoe kilichoachiliwa.

Kama kitako hakina tundu, tumia mpini wa mwiko wa zamani, ule usiosonga tena ugali. Uingize kwa juu, uegemeze kwenye kimoja cha vile vyuma vinavyocheza, sukuma kwa nguvu sahani izunguke. Ni kazi ya mabega kidogo. Usitumie bisibisi wala nondo, utavunja chuma au kukunja sahani.

Ikishazunguka kwa mkono, rudisha kitufe chekundu, chomeka plagi, fungua mfereji wa maji baridi, ndipo uwashe. Ikinguruma tena ilhali kwa mkono inazunguka bila shida, ugonjwa uko ndani ya mota, kwenye kile kinachoipa msukumo wa kuanza. Kwa grainda ndogo ya bei nafuu, gharama ya kuifungua mota hukaribia bei ya mashine nyingine, na mimi huwa nasema hivyo waziwazi.

Niseme jambo kuhusu dada wa kazi. Mara nyingi nikifika, kesi imeshasikilizwa na hukumu imeshatolewa: ni yeye aliyeharibu. Halafu natoa vizibo vya chupa ambavyo si vya uji wa mtoto, na sherehe ilikuwa Jumamosi, na dada alikuwa likizo. Hata pale anapokuwa ameweka mabua ya sukuma wiki yeye mwenyewe, nani alimwonyesha? Ameambiwa tu, "hii inasaga taka," na sukuma iliyokatwa ni taka kama taka nyingine. Dakika tano za kumwonyesha kinachoingia na kisichoingia zinamsaidia mwenye nyumba kuliko kelele zote.

Sasa hivyo visivyoingia. Mabua ya sukuma, majani ya mahindi, maganda ya ndizi za kupika, nyuzi za embe, maganda makavu ya kitunguu na miwa, vyote vina nyuzi. Nyuzi hazikwaruziki, zinajizungusha tu au zinapita nzima nzima kwenda kuziba mbele. Kokwa ya embe na ya parachichi haina mjadala. Mfupa wa kuku mwembamba, mashine kubwa inauweza. Mfupa wa ng'ombe haufai kwa yoyote ya nyumbani. Maganda ya viazi yanaingia kwa kidogo kidogo maji yakikimbia. Ukimenya viazi vya chipsi za watu kumi ukayasukuma yote kwa mpigo, utayakuta kwenye bomba.

Kelele za chuma

Hii ni fupi. Kama inazunguka huku ikigonga gonga, zima, chomoa, toa kijiko. Kama hakuna kijiko na bado inagonga, huenda skrubu zinazoishikilia chini ya sinki zimelegea, au kimoja cha vile vyuma vya juu ya sahani kimekatika. Skrubu unakaza mwenyewe. Chuma kilichokatika ni mwisho wa sahani. Kelele kali ya kusaga inayozidi wiki hadi wiki bila kitu ndani ni beringi inayokwisha.

Inazunguka, lakini maji yamesimama

Tukifika hapa, acha kuilaumu grainda. Imefanya kazi yake. Ilichosaga kimekwama mbele, mara nyingi kwenye ule mkunjo wa bomba ulio chini ya sinki, unaobaki na maji ili harufu ya maji taka isipande.

Mshtakiwa wa kwanza ni ugali. Mtu anaona ni laini, anasema huu hauwezi kuziba kitu. Lakini ugali ukisagwa na maji unarudi kuwa uji, na uji ukikaa kwenye mkunjo wa bomba unakuwa gundi. Wali, makombo ya chapati na maji ya kuoshea bakuli la unga vina tabia hiyo hiyo. Mabaki ya kahawa na majani ya chai yanapita vizuri kwenye grainda, halafu yanatua kwenye gundi hiyo na kuijenga ukuta.

Wa pili ni mafuta ya kuganda. Wateja huniitia bomba zilizoziba zaidi Juni na Julai, na sababu ni baridi. Mafuta yanayomwagwa yakiwa moto yanapita kama maji, lakini bomba linalopita nje ya ukuta usiku wa Julai lina baridi ya kutosha kuyagandisha njiani. Ndiyo maana unasaga kwa maji baridi, si ya moto. Maji ya moto yanayeyusha mafuta yakagande mbali, mahali ambapo mkono wako haufiki. Maji baridi yanayaacha yakiwa magumu, yanakatwa vipande na kusukumwa. Lakini mafuta ya kukaangia yasiingie humo hata kidogo. Yaache yagande kwenye mkebe, utupe.

Sasa kupima maji. Grainda ya kawaida inataka kama lita 5 hadi 6 kwa dakika. Weka chombo cha lita 5 chini ya mfereji, angalia saa. Kikijaa kwa zaidi ya dakika moja, maji yako hayatoshi kusukuma ilichosaga. Watu wa ghorofa ya juu kabisa ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu tangi liko juu ya paa, karibu nao, na maji hayana kimo cha kushuka ili yapate nguvu. Wa chini wanapata mkondo mzuri, wa juu wanapata uzi. Ukiwa wa juu, saga kidogo zaidi na uache maji yaendelee kama nusu dakika baada ya sauti ya kusaga kwisha. Aliye chini sekunde 15 hadi 20 zinamtosha.

Na siku za mgao? Usiwashe. Kampuni ya maji ya Nairobi ina ratiba ya mgao mtaa kwa mtaa, na siku ambayo mfereji hautoi kitu, grainda nayo ipumzike. Watu wanajaribu kumwaga jagi la lita 2 wakisaga. Jagi linaisha ndani ya sekunde ishirini na kitu na bomba linabaki limejaa uji. Mtungi wa lita 20 ungekupa kama dakika tatu unusu kwa kipimo hicho, lakini nani mwenye akili atauteketeza mtungi mzima kwa maganda siku ya ukame? Weka mabaki kwenye bakuli lenye kifuniko, yakae kwenye friji yasinuke.

Kuzibua, fuata hivi. Kwanza mpira wa kuzibua. Ukiwa na sinki mbili, ziba tundu la pili kwa tambara lililoloa, la sivyo unasukuma maji kutoka sinki hii kwenda ile. Ukiwa na mashine ya kuosha vyombo iliyounganishwa na grainda, bana mpira wake kwanza, ama maji machafu yatarudi kwenye vyombo. Piga mara kumi na kitu kwa nguvu, ukiwa na maji ya kufunika mpira.

Ikikataa, fungua mkunjo. Weka ndoo chini, kubwa kuliko unavyodhani. Vile vifungo viwili vya plastiki vinafunguka kwa mkono, vikigoma shika kwa tambara kavu ndipo utumie playa. Toa, osha nje bomba hilo kwenye karai, usilioshee kwenye sinki ile ile uliyofungua (nimewakuta watu wakifanya hivyo, na maji yakawaangukia miguuni). Angalia pia kiwiko kinachotoka ubavuni mwa grainda. Ukirudisha, hakikisha mpira wa kuzuia maji haujakunjika.

Dawa kali za kuzibua, kama kostiki soda, usimwage humo. Zinaweza kuharibu mipira ya ndani ya mashine, lakini mimi najali zaidi uso wangu. Nikifungua mkunjo uliojaa dawa hiyo, inanimwagikia. Kama umeshamwaga, niambie mlangoni kabla sijainama.

Ukikuta mkunjo ni safi na maji bado hayaendi, tatizo liko ndani ya ukuta. Kwenye ghorofa kuna ishara ya uhakika: maji yanapanda kwenye sinki yako hata hujafungua mfereji, tena saa mbili usiku wakati jengo zima linaosha vyombo. Hilo ni bomba kuu la jengo, na aliye chini ndiye anayepokea uji wa walio juu. Usilipe fundi kwa tatizo hilo. Mpigie keateka, na umwambie kwa upole kwamba gharama ni ya jengo.

Kuvuja

Kausha mashine yote kwa tambara, ziba sinki, ijaze maji. Kisha pitisha karatasi ya chooni iliyo kavu kila mahali, kuanzia juu. Karatasi itakuonyesha tone kabla jicho halijaliona. Ikiloa pale juu inapokutana na sinki, kaza zile skrubu tatu. Isipokoma, italazimika kushushwa na kuwekwa lakiri mpya. Kama pale juu ni pakavu, zibua maji yaende huku ukipapasa ubavuni, kwenye kiwiko na kwenye mpira wa mashine ya vyombo. Hapo ni kukaza au kubadilisha mpira. Lakini ikiwa maji yanadondoka kutoka kwenye kitako, karibu na kile kitufe chekundu, mpira wa ndani unaolinda mota umekwisha. Chomoa plagi na usiichomeke tena. Nunua nyingine.

Harufu

Watu wanasaga ndimu na kuniambia bado inanuka. Harufu haiko chini, iko juu, kwenye ule mpira mweusi wenye mikato unaozuia maji yasiruke. Ugeuze upande wa chini na usugue kwa mswaki wa zamani na sabuni, utaona uchafu ambao hukujua upo. Baadaye jaza sinki nusu kwa maji yenye sabuni, washa grainda, uachie yote kwa pamoja. Vipande vya barafu na chumvi ya mawe vinasaidia kukwangua kuta za ndani. Havinoi chochote, maana hakuna cha kunoa.

Wenye shimo, na wenye mashine ya Marekani

Kama unakaa Karen, Runda, au umehamia Rongai au Syokimau na nyumba yako inatumia shimo la maji taka, mimi nakushauri usifunge grainda kabisa. Kinachosagwa hakipotei. Kinatua chini ya shimo na kupanda, na lori la kunyonya utaliita mapema kuliko jirani yako. Una shamba dogo nyuma ya nyumba: maganda ni mbolea. Walio kwenye bomba la jiji wana nafuu, maji yao taka yanaenda kwenye mitambo kama ile ya Ruai, lakini nao wasijione. New York iliogopea mabomba yake ya zamani kiasi kwamba ilizikataza mashine hizi sehemu kubwa ya jiji hadi 1997.

Jambo lingine ni wageni wanaohama. Familia inaondoka Gigiri, inauza vitu vyote, na grainda ya Marekani inapatikana kwa bei ya kutupa. Soma kibandiko kabla hujatoa pesa. Ikisema 120V 60Hz, iache. Stima yetu ni 240V 50Hz. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua, pengine kabla hujamaliza kusema ahsante. Muuzaji atakwambia utumie transfoma. Transfoma inashusha volti lakini haigusi ile 50Hz, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya mota itapungua kwa kama sehemu moja ya sita na itapata joto zaidi, na transfoma yenyewe ya kuhimili mvuto wa kuanza ni nzito na ghali. Rahisi hapo iko wapi?

Kununua nyingine

Grainda iliyofikia miaka 10 hivi, inayovuja kitakoni au inayorusha kitufe chekundu kila wiki bila kitu ndani, imemaliza kazi yake. Ukinunua mpya, kibandiko kiseme 220 hadi 240V na 50Hz. Pima nafasi chini ya sinki kwanza, kwa sababu tundu la bomba ukutani likiwa juu kuliko kiwiko cha mashine mpya, maji hayatapanda mlima, na itabidi ukuta uchimbwe.

Na kama una mashine ya kuosha vyombo, mwambie fundi atoe kile kizibo cha plastiki kilicho ndani ya tundu la ubavuni kabla ya kuchomeka mpira. Kizibo hicho huja kimefungwa kutoka kiwandani kwa ajili ya wasio na mashine ya vyombo. Kinagongwa kwa bisibisi na nyundo kikaangukia ndani, halafu unakitoa kwa koleo kabla ya kuwasha. Kikisahaulika, mashine ya vyombo haitoi maji, mwenye nyumba anaita fundi wa mashine ya vyombo, huyo anaifungua yote asipate kitu, na mwishowe wananipigia mimi. Funguo ya robo inchi nayo uifunge kwa tepu kwenye bomba la maji pale pale chini ya sinki, siyo kwenye droo.